Mulango ya Mbele Njo ya Biti

Weye ulishaka ona muntu anaingia mu nyumba sawa kiti? Basi ikala, nikuelezee.

Pale mu ville kuko nyumba ya zamani ya serikali, Babeleji njo balijenga. Baba yangu alitumikaka pale. Kazi yake ilikuwa kupangusa mukono ya shaba ya mulango mukubwa ya mbele, kila asubui, mpaka unaona meno yako ndani. Lakini yeye mwenyewe alipitiaka nyuma. Mbele ilikuwa ya bazungu. Alikufa bila kuipita.

Leo iko nyumba ya kutembelea. Mujukulu wangu, ule binti anasoma ku univerisite, aliniambia: "Kambo, twende sawa batourisite." Nilivaa kikwembe ya Noeli. Miye nilitaka kintu moya tu: kuingia kwa mbele.

Sentineli anatuambia: "Mama, bageni banapitia nyuma."

"Na mbele anapita nani?"

"Mbele? Biti, mama, kiti na fotei. Ile ya sherehe. Nyuma ni kadogo, haienee."

"Kumbe baba yangu angezaliwa kiti."

"Hapana miye nilitunga sheria, mama."

Na kweli, banaume babili banafika na fotei nyekundu. Banaiweka chini ya ngazi, bapumue. Magulu ilikuwa inaniuma. Nikaikala.

"Kambo, simama, kiti inaingia."

"Hata miye."

Bale banaume baliangaliana. Kisha balininyanyua.

Sasa bantu banaona mama muzee anapanda ngazi juu ya mabega, sawa mulopwe, mufalme wa kale, mu kipoyi. Bamama ba ku foleni balipiga magoti, balipiga makofi polepole, vile banasalimiaka mukubwa wa inchi. Na sentineli naye, goti chini, kofia mu mukono: "Karibu, mukubwa." Shi ule ule alisema nipitie nyuma. Nilimupungia mukono.

Ndani balinishusha. Mujukulu alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini miye roho haikutulia.

"Unaona, mwana? Magulu yangu haikukanyanga pale mu mulango. Kiti njo iliingia. Miye nilikuwa muzigo."

Kisha alinishika mukono, aliniambia: "Kambo, siku ya posho, ile Jumamosi, tutarudia na kiti yetu ya ku jikoni, ile kadogo. Utaibeba weye mwenyewe, utapita mbele na magulu yako. Miye nitakuwa nyuma yako, nitashika kikwembe. Ule sentineli akikatala, nitamwambia: papa, hatuko bageni, tunaleta biti."