Kiranja Aliyenijibu kwa Kichagga

Mimi ni mwalimu mkali, na miaka ile ukali wangu wote niliuelekeza kwenye Kichagga. Shule ya msingi niliyofundisha huko Masama ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukishaingia getini hakuna kilugha. Ukikamatwa, unafagia. Mimi mwenyewe nyumbani sikuongea na mama yangu lugha nyingine, ila shuleni nilijifanya sikijui kabisa.

Mchana mmoja wasichana wa darasa la sita walikuwa wanacheza mpira wa pete. Kiranja wao, mtoto mpole ambaye sikuwahi kumwadhibu, aligongana kichwa na mwenzake. Kishindo nilikisikia nikiwa barazani. Mwenzake alilia, baadaye akanyamaza. Kiranja hakulia. Nilipomuuliza kama ameumia, alinijibu kwa Kichagga.

"Kiranja mzima unaniongelea kilugha?" nikamfokea. "Haya, chukua fagio."

Akachukua. Akawa anafagia palepale alipokwisha kufagia, na mimi nikaona ananifanyia kiburi. Kisha akaja kuniuliza, kwa Kichagga tena, kama mechi imeanza. Akarudi kuniuliza. Mara ya tatu ndipo nilipomtazama usoni, nikaona macho yake yananipita. Akatapika kwenye viatu vyangu.

Niliogopa, jamani. Nilimpakata ndani ya pikapu ya maziwa ya jirani wa shule, na njia nzima ya kushuka mlimani kwenda hospitali nilimsemesha kwa Kichagga, nikimbembeleza asifumbe macho. Kila alipoyafumba niliona tayari nimemuua mtoto wa watu.

Mama yake alitukuta hospitalini akiwa na kanga ya shambani, vidole vya kijani kwa kukata majani ya ng'ombe. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwalimu. Mungu akubariki, umemwahi mwanangu."

Tukakaa hivyo hivyo hadi daktari alipotoka. Alisema picha ya kichwa haioneshi damu, ni mtikisiko wa ubongo, na kwa matibabu na utulivu atapona. Mama yake alilia kwa furaha, na mimi nikalia.

"Baada ya kugongwa mlimpumzisha?" daktari akauliza.

Mama akanigeukia, mikono yangu bado ikiwa ndani ya mikono yake, uso wake una imani tupu.

"Nilimpa fagio," nikasema. "Nilimwambia afagie uwanja."

Aliuachia mkono mmoja kwanza, halafu wa pili.