Siku Niliyompasua Mke wa Fundi Cherehani

Nilikuwa na miezi mitano tu katika hospitali ya Waafrika ya Élisabethville, Katanga, na cheo changu kilikuwa msaidizi wa daktari. Watu wa mtaani waliniita munganga kwa sababu nilivaa koti jeupe, lakini sheria ya Wabelgiji haikuniita hivyo. Udaktari ulikuwa wa wazungu. Mimi niliruhusiwa kupima wagonjwa, kuchoma sindano, kuzalisha, hata kupasua, mradi daktari mzungu awe amesimama kando yangu. Akitoka chumbani, nilipaswa kuweka kisu chini.

Baba yangu alitoka upande wa Pweto akaja kufanya kazi ya reli. Mapadri walinisomesha, wakatumaini nitakuwa mmoja wao. Nilipokataa, walinipeleka Léopoldville kusomea uganga. Nilikaa miaka sita darasani na miwili wodini. Tulifundishwa karibu yote anayofundishwa mzungu, tukapewa cheti ambacho neno daktari halimo. Mwenzangu wa darasa alipangiwa hospitali ya mbali. Huko alimpasua mtu mwenye ngiri iliyojinyonga, akiwa peke yake, na mtu yule akafa. Mwenzangu alifungwa. Kabla hawajamchukua aliniandikia mstari mmoja: usishike kisu bila mzungu. Sikuhitaji kuusoma mara mbili.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi ya masika. Asubuhi mapema daktari wetu aliitwa Kinsevere, ambako mawe yalikuwa yamewaangukia wachimbaji. Daktari wa pili alikuwa Ulaya kwa likizo. Saa tano hivi mvua ikapungua, na kwenye lango wakaingia wanaume watatu wakisukuma kigari cha mizigo. Ndani, juu ya godoro lililolowa, alilala mwanamke.

Aliyekuwa mbele alikuwa mumewe, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, Mwislamu wa asili ya Maniema. Alivaa kofia nyeupe, na utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake. Wawili wa nyuma walikuwa ndugu zake.

"Alianguka jikoni," alisema. "Alisema tumbo, kisha bega, kisha hakusema tena."

Nilimfunua mwanamke kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Viganja vyake vilikuwa baridi, na mshipa wa mkono ulikuwa unakimbia mbio, mwembamba, ukipotea chini ya vidole vyangu. Tumbo lilikuwa gumu. Nilimuuliza mumewe kama mkewe alikuwa amekosa siku zake.

"Mwezi mbili," alijibu kwa sauti ya chini, akiona haya mbele ya nduguze.

Nilichoma sindano ndefu tumboni, nikavuta. Damu nyeusi ikajaa bomba. Nikajua kwamba mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa uzazi na mrija wa mayai umepasuka. Mwanamke yule alikuwa anavuja kwa ndani, na kama hakuna atakayefungua tumbo na kuufunga mshipa, asingefika saa tisa.

Nilikimbia hadi ofisi ya mtawa aliyesimamia wodi, Mbelgiji wa makamo aliyekaa Katanga miaka mingi. Alipiga simu hospitali ya wazungu. Nilisimama mlangoni nikisikiliza Kifaransa chake kikizidi kuwa kifupi. Aliweka simu chini.

"Daktari wao yuko katikati ya upasuaji. Wanasema tusubiri."

"Ma sœur, huyu hawezi kusubiri."

"Najua." Alinitazama. "Umewahi kuifanya hii?"

"Nimeshika vyombo mara tatu. Kukata, bado."

"Na sheria unaijua."

"Naijua."

Akaanza kukunja mikono ya kanzu yake. "Mimi sijasema ufanye," alisema, "wala sijasema usifanye. Naenda kunawa."

Nilibaki peke yangu kwenye ukumbi. Niliegemea ukuta. Nilimwona mwenzangu gerezani. Nilimwona mama yangu akiletewa habari. Nami nakiri kwamba kwa dakika nzima nilitamani mwanamke yule afe haraka, kabla sijalazimika kuamua. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo.

Kisha nikaenda kuomba damu. Mgonjwa alihitaji chupa mbili, tatu. Ndugu wawili wa fundi waliposikia neno damu walirudi nyuma hadi mvuani. Miaka ile cité nzima, yaani mitaa ya Waafrika, iliwaogopa batumbula, watu waliosemekana kutumwa kukamata Waafrika ili wazungu wapate nyama na damu yao. Hospitali, pamoja na chupa zake na milango yake iliyofungwa, ilishukiwa kuliko nyumba yoyote.

"Siye hatupane damu," alisema mkubwa wao. "Muko nafanya nayo nini?"

Fundi mwenyewe alinyoosha mkono. "Kamata yangu." Nikaipima, haikupatana na ya mkewe. Nilipomwambia, aliutazama mkono wake kama kitu kilichomsaliti.

Akanishika koti. "Munganga mukubwa iko wapi?"

"Kinsevere. Barabara iko na matope, baba. Sijui atarudi saa ngapi."

"Na weye, ulisoma hii kazi?"

"Miaka munane."

"Bazungu banakuachia kupasula bantu peke yako?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana," nikasema. "Hawaniachii."

Fundi aliliachia koti langu. Nyuma yake nduguye alikuwa anamnong'oneza wamrudishe mgonjwa nyumbani. Hakugeuka.

"Akifia nyumbani, ni mimi nilimuua," alisema. "Kata."

Aliyemlaza mgonjwa kwa dawa alikuwa mwuguzi mzee wa Kiluba, mwenye kazi ile tangu mimi sijazaliwa. Mwanamke alikuwa amefumbua macho kidogo nilipokuwa napanga vyombo kando yake. Mzee aliweka kitambaa juu ya pua yake na kudondosha etha tone moja moja, mkono mwingine ukiwa kwenye mshipa wa shingo. Mtawa alisimama upande wa pili wa meza. Nilishika kisu, nacho kikacheza vidoleni. Wote wawili waliona. Mzee alisema tu, "Mutoto yangu, huyu mama ana haraka."

Nikakata. Nilipofungua utando wa mwisho, damu ilipanda ikamwagika mezani, ikaingia viatuni mwangu. Sikuona kitu. Nilitumbukiza mkono wote katika joto lile nikapapasa, na moyo wangu ulipiga hata nikadhani ndio niusikiao kwenye vidole. Mzee akasema, "Mshipa siusikie tena." Mtawa akaanza kusali kwa Kiflamandi, lugha ya kwao. Ndipo nikashika kitu laini, kimevimba, kimechanika, nikakibana kwa vidole viwili. Nikaomba koleo. Nikabana. Damu ikaacha kupanda.

Lakini mishipa yake ilikuwa mitupu. Nilikumbuka jambo nililoona daktari wetu akilifanya mara mbili. Tulichota damu tumboni kwa kikombe kilichochemshwa, tukaichuja kwenye shashi iliyokunjwa mara nane, tukaitia katika chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, kisha tukairudisha mkononi mwake kwa mrija. Ilishuka polepole. Nilikata mrija wa mayai ulioharibika, nikafunga, nikaanza kushona. Nilikuwa sijamaliza mzee aliposema, "Mshipa umerudi." Sikuinua kichwa. Niliogopa kwamba nikiinua nitalia.

Tulipomtoa, chupa ilikuwa bado inaning'inia juu yake. Ndugu mkubwa aliiona, akadhani tumemtoa damu, akapiga kelele. "Mulimutosha damu!" Watu waliokuwa wanasubiri dawa wakasimama. Wengine wakaanza kutoka.

"Ni damu yake," nilisema. "Ilikuwa imemwagika ndani, tunamurudishia."

Hakuna aliyeniamini. Fundi alisogea peke yake, akashika mguu wa mkewe chini ya shuka, akauacha mkono pale. "Kuko joto," aliwaambia. Hawakukaribia.

Daktari wetu alirudi jioni, buti zake nyekundu kwa matope. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi tangu saa tisa, nikingojea kumwambia, na maneno niliyoyapanga yalitoka yote kwa mkupuo. Alisikiliza bila kuvua kofia. Akaingia, akamtazama mwanamke, akabonyeza tumbo, akasoma mpigo. Kisha akafungua kitabu cha upasuaji, na mahali pa jina la mpasuaji akaandika lake mwenyewe.

"Leo nilikuwa hapa mchana," alisema. "Umeelewa?"

"Ndiyo, docteur."

"Ukiulizwa, ulinishikia vyombo."

Alikuwa ananiokoa, nami nilijua hivyo. Hata hivyo nilimtazama akikausha wino juu ya kazi ya mikono yangu. Kwa majuma mengi, kila polisi aliyepita langoni alinishtua. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Siku ya tano kidonda kilitoa usaha, nikaanza kuogopa upya. Nilikisafisha mwenyewe asubuhi na jioni. Siku ya kumi na mbili mwanamke alisimama. Mumewe alikuja kumchukua, safari hii bila nduguze, amemletea kitenge kipya. Nilipokuwa nampa maelezo, mwanamke aliniuliza swali lake la kwanza.

"Munganga, uliogopa?"

"Hapana, mama."

"Mbele ya kulala na dawa niliona mikono yako," alisema. "Ilikuwa natetemeka. Nikasema, huyu naye anajua niko nakufa, si miye tu." Akafunga kitenge vizuri kifuani. "Ilinipa nguvu kidogo."

Walitoka kwa miguu, yeye akijishika tumbo, mumewe akitembea hatua fupi fupi ili asimwache nyuma. Niliwatazama hadi wakapinda kona ya barabara ya Kamalondo. Mzee wa etha akaniita ndani. Kulikuwa na mtu wa homa ya mapafu kitanda cha sita, na daktari alikuwa ametoka tena.