Ukuta Ulioota Chumvi

Mwaka 2012 nilihamishiwa Lodwar kupima vifaa vya ujenzi. Nilipanga chumba mtaa wa Kanamkemer, na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa Kakuma: tangi la zege la kuhifadhi maji katika shule moja ya msingi.

Saruji iliyoletwa ilikuwa imechanganywa na majivu ya volkeno. Sikuwa na ubishi nayo. Ikinyweshwa maji siku nyingi, majivu yale huendelea kufanya kazi ndani kwa ndani, yakiziba vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, mpaka zege linakataa maji na chumvi, na vyuma vilivyo ndani yake havishiki kutu. Ila huenda polepole. Ikikauka mapema, vitundu hubaki wazi, na jua la Kakuma halimsubiri mtu.

Nilimweleza fundi mkuu, mzee aliyeanza kujenga kabla sijazaliwa. "Magunia mabichi ukutani, mzee. Wiki mbili kamili."

Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Madam, siku tatu na hii tayari ni jiwe. Utanywesha jiwe maji, na akina mama wako foleni tangu alfajiri?"

Niliitazama ile foleni. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika wiki hiyo, na maji ya lori hayakuwa na pa kuwekwa. Siku ya tano magunia yalikuwa yamekauka kau, nami nikaweka sahihi ya kulipitisha tangi.

Mwaka uliofuata nilipita Kakuma kwa shughuli nyingine. Mama aliyeuza chai langoni mwa shule alinisalimu, "Ejok," kisha akaniangalia vizuri.

"Si ni wewe ulikuwa unapima hii tangi? Kuja uone. Mbuzi yangu inaramba ukuta kila asubuhi."

Kweli, unga mweupe ulikuwa umeota kuanzia chini hadi kimo cha kiuno. Juu yake ilishuka michirizi ya kutu. Watoto walikuwa wameketi kivulini, migongo yao ukutani, wakinywa uji. Niligonga kwa nyundo. Mlio ulirudi mtupu, kama wa kibuyu: zege lilikuwa limeachana na vyuma vyake. Nikasogea hatua mbili, nikagonga tena. Ni ule ule.

"Watoto waondoke hapa," nilimwambia mwalimu mkuu. "Na maji yatolewe."

"Madam, limejaa juzi tu. Unajua tumengoja kiasi gani?"

"Najua. Na ni mimi niliyelipitisha."

Akaenda mwenyewe kupiga kengele.

Akina mama walichota mchana kutwa, mitungi ikipokezana bila kelele, maana neno lilikuwa limeshawafikia. Nikalizungushia tangi kamba ili mtu asikaribie. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunywa chai pale langoni tuliposikia mlio kama wa tawi kavu likivunjwa. Kipande cha ukuta, upana wa mlango, kiliporomoka pale pale watoto walipokuwa wakinywea uji, na maji yaliyobaki yakafoka kwenye pengo. Hakuna aliyeumia. Vyuma vilivyobaki wazi vilikuwa vimevimba. Nilipovishika, maganda ya kutu yalinibaki mkononi.

Mzee fundi alikuja adhuhuri. Aliokota kipande cha zege, akakidondoshea maji kidogo ya kunywa. Yakatoweka papo hapo. Akadondosha tena.

"Inakunywa," alisema, akakaa chini. Baadaye akaongeza kwa sauti ya chini, "Madam, kuna zingine mbili. Barabara ya Lokichoggio. Tulijenga na simiti hiyo hiyo."

"Mlizinywesha siku ngapi?"

"Tatu."

Siku hiyo hiyo tulidandia lori. Tangi la kwanza lilikuwa linatoka jasho, na wenyewe hawakubisha, walilimwaga tukiwapo. La pili lilikuwa kavu kwa nje, lenye weupe kidogo tu kwenye kona moja. Wazee wa pale walilizunguka, wakaligusa, wakasema mifugo itakufa kwa kiu kwa sababu ya hofu ya mgeni. Nikiwa Lodwar niliwaandikia wakubwa wangu barua ya kuomba limwagwe, nikaandika nyingine.

Nilihamishwa mwisho wa mwaka 2013. Wakati huo tangi lile la pili lilikuwa bado limejaa maji.