Mgeni wa Runinga Hakumaliza Kusema

Juzi nilikuwa mjini, mtaa wa Kanyenye, nakunywa chai kwenye mgahawa, runinga ukutani ikionyesha kipindi cha asubuhi. Daktari mwalikwa alikuwa akieleza habari za figo. Kila akifungua mdomo, mtangazaji alimwingilia: mara amsomee ujumbe wa mtazamaji, mara amwambie "kwa kifupi, daktari", mara ageuke kucheka na mwenzake. Nikaifokea runinga mpaka mama muuza chai akaniuliza, "Kaka, huyo ni ndugu yako?" Nikarudia chai yangu. Ningemweleza vipi kwamba hasira hii ninayo tangu darasa la nne?

Kwetu ni kijijini Kwihara, msomaji wangu. Nililelewa na bibi, na runinga ya karibu ilikuwa kwa jirani, fundi cherehani. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kwake na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, pamoja na karanga za kukaanga. Tulitafuna huku cherehani ikinguruma na kumeza nusu ya maneno ya kipindi. Mtangazaji alipowaamkia wazee, bibi aliitika, "Marahaba, mwanangu."

"Hakusikii huyo, bibi," fundi alimtania.

"Sikuitikia ili anisikie. Ameniamkia."

Kwa bibi, mgeni alikuwa na haki zake. "Mshibishe kwanza, ndipo umuulize ya njiani," alizoea kusema. Mgeni alipewa maji, akala, kisha akaachwa aseme mpaka anyamaze mwenyewe. Hata mwongo aliachwa amalize. Misafara ya zamani ya wafanyabiashara ilipita karibu na mashamba yetu, na nadhani desturi hiyo ilibaki hata baada ya wasafiri kwisha.

Bibi alikuwa na presha na hakujua kusoma, hivyo mimi nilikuwa karani wake. Niliandika mambo ya afya kwenye daftari. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Nilitaka kila kitu kikae sawa, na mpaka leo ndivyo nilivyo.

Jumamosi moja daktari mwalikwa alisema watu wakipunguza chumvi na kutembea kila siku, wapo wanaofikia kuacha dawa za presha, lakini... Hapo mtangazaji akadakia: "Umesikia mtazamaji? Ni chumvi tu." Likaingia tangazo la sabuni. Waliporudi, kwenye kiti cha daktari alikuwa amekaa mpishi.

Mimi nilimwona yule daktari, mdomo ukiwa bado wazi. Lakini daftarini nikaandika: punguza chumvi, tembea kila siku, dawa unaacha. Ile "lakini" ingeuharibu ukurasa, nami sikujua kilichoifuata.

Nyumbani bibi akaniambia, "Cherehani imenizibia lile la mwisho. Nisomee alivyosema mgeni."

Nikasoma kwa sauti safi.

"Basi, kama mgeni kasema." Hakuuliza kama mgeni alimaliza. Haikumwingia akilini kwamba mwenye nyumba anaweza kumnyang'anya mgeni neno mdomoni.

Vidonge akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati. Mboga zetu zikawa chapwa. Kila alfajiri alitembea mpaka barabarani na kurudi, nami nikajiona daktari mdogo. Wiki ya tatu alianguka katikati ya shamba la karanga.

"Bibi, nani kakwambia uache dawa?" muuguzi wa zahanati alimuuliza.

"Mgeni wa kwenye runinga."

Muuguzi akashusha pumzi. "Dawa haiachwi mpaka tukupime sisi, tuone, tukwambie."

Ndicho kipande kilichokatwa, nadhani. Mkono wake wa kushoto, uliopooza siku ile, haukurudi sawasawa.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na hakuacha kumsema yule daktari. "Mtu mzima, kakaribishwa vizuri, halafu anadanganya watu." Mimi nilikaa pembeni yake nikimmenyea karanga, kimya.

Fundi amehama, na sebule yake sasa ni ghala la mahindi. Bibi hayupo. Siku hizi watu hutazama vipande vya vipindi hivyo kwenye simu, kila mmoja peke yake, vikiwa vimekatwa zaidi ya zamani. Watangazaji nawafokea, na wanastahili. Lakini yule daktari hakudanganya, na mtu pekee aliyeweza kumwambia bibi hivyo nilikuwa mimi.