Kamba Yenye Mafundo Mawili

Baba yangu ni seremala, na kwa miaka mingi hakuwa na adui. Ilibidi augue ndipo ampate, tena ampate ndani ya karakana yake mwenyewe, kwenye meza ya pili kutoka mlangoni, anapofanyia kazi mjomba wangu, kaka yake Mama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikumwona.

Pale karakanani hutengenezwa vitanda, makabati na milango, na watu wakifa, majeneza. Kwa majeneza kuna utaratibu ambao Baba aliukuta kwa fundi aliyemfundisha, naye akamfundisha Mjomba. Mfiwa haulizwi vipimo, maana mtu mwenye msiba hutaja namba yoyote inayomjia mdomoni. Anaambiwa alete kamba. Ncha ya kamba huwekwa utosini mwa marehemu na fundo hupigwa kwenye kisigino. Kisha kwa kamba hiyohiyo hupimwa bega hadi bega, likapigwa fundo la pili. Kamba hutundikwa kwenye msumari ukutani wakati kazi inaendelea, na jeneza likikamilika kamba huwekwa ndani yake, iende na mwenyewe. Haipimi watu wawili.

Ugonjwa wenyewe ulianza na uvimbe shingoni. Baba akasema ni baridi, akajifunga kitambaa, akaendelea kupiga randa. Alipokubali kwenda hospitali aliambiwa ni saratani ya tezi, akaanza kutundikiwa dripu za dawa zilizomnyonya mpaka mtu aliyekuwa akibeba mlango mzima peke yake akawa hawezi kubeba ndoo ya kuogea. Suruali zake nilikuwa nazipunguza mimi. Napunguza leo, baada ya muda zinapwaya tena. Chakula hataki, redio hataki, akiulizwa kitu anajibu, "Vyovyote." Neno hilo liliniogopesha kuliko lile la daktari.

Siku moja, katikati ya dripu moja na nyingine, akasema anataka kwenda kuona vifaa vyake. Nilimshika mkono, tukaenda polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Karakana ilikuwa wazi na Mjomba hakuwepo. Patasi za Baba zilikuwa zimehamishiwa meza ya pili. Hilo aliliona. Halafu akaona nyuma ya mbao, chini ya turubai, pembe ya jeneza. Akavuta turubai. Lilikuwa limeshapigwa msasa na rangi. Akatazama ndani, akatazama ukutani, na nikamwona anabadilika uso. Jeneza lilikuwa limekwisha, lakini kamba yake bado ilikuwa kwenye msumari. Seremala hahitaji kuambiwa maana yake. Mwenye jeneza alikuwa bado hajafa.

"Nipime," aliniambia.

Nilidhani anatania. Akaitungua kamba, akasimama wima, akajiwekea ncha utosini kwa mkono wake mwenyewe. Fundo la kwanza likaangukia kisiginoni. Nikapima mabega. Fundo la pili likakaa pale pale, bila kupungua wala kuzidi.

Mjomba alitukuta hivyo, mimi nimeshika kamba mgongoni mwa Baba.

"Shemeji, karibu," alisema. "Ungesema unakuja ningekuwekea kiti."

"Hili la nani?"

"La mteja mmoja."

"Mteja gani huyo ana mabega yangu?"

Mjomba akaweka chini mbao alizobeba. "Usinielewe vibaya, shemeji. Daktari aliongea na dada, dada akanieleza. Nikaona tusije tukakurupushwa."

"Ulinipima lini?"

"Ulikuwa umelala. Wodini."

Nikakumbuka. Alikuja kumwona mgonjwa, akanituma maji ya kunywa, na niliporudi alikuwa anatoka, mikono mifukoni. Nilimshukuru kwa kuja. Nilimsindikiza mpaka getini. Nikiyakumbuka hayo mpaka leo damu inanichemka, na sioni aibu kusema kwamba siku ile nilimwombea Mjomba mambo ambayo hayaombwi.

Baba akakunja kamba, akaitia mfukoni.

"Hiyo iache, shemeji," Mjomba alisema.

"Ni yangu. Kila mtu huenda na kamba yake."

Tulirudi polepole mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasimama, akaegemea ukuta wa watu. "Halitanitosha," alisema.

"Nini, Baba?"

"Lile sanduku. Nitapanuka mpaka mabega yagome kuingia. Halafu nitamwita aone."

Nilifurahi sana. Baba alikuwa hana hamu ya kitu chochote duniani, na sasa alikuwa na hamu ya kumwaibisha mtu. Hamu ni hamu. Jioni ile alikula mayai mawili kwa hasira.

Pale hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya gwaride, ambaye Baba alimpa jina la Sajini tangu siku ya kwanza. Alikuwa na chumba chenye viti, mipira ya kuvuta na vyuma vidogo vya mkononi. Wagonjwa wengi walipaogopa, wakiona mtu anayetapika hapaswi kunyanyua kitu. Baba aliingia akasema, "Nataka mabega."

"Wenzako wananiambia wanataka kupanda ngazi bila kuhema," Sajini alisema.

"Mimi nataka mabega."

"Mabega yanaanzia miguuni, mzee wangu. Kaa kwenye kiti hicho, usimame bila kushika kitu."

Alisimama mara chache tu, akaona nyota mchana. Akarudi tena kesho yake. Sajini hakuwa mtu wa kumwachia mgonjwa ajiamulie. Kabla ya chuma chochote alitaka kuona majibu ya damu, na damu ikiwa chini anamrudisha nyumbani, anune asinune. Mkono wenye mrija wa dawa aliupa kazi nyepesi. Alimwambia uchovu wa dawa zile hauishi kwa kulala tu, na kwamba nyama iliyoondoka hairudi kwa kungojwa. Inaitwa kwa kazi, na ikija inalishwa. Baba aliyaelewa hayo mara moja, maana hata mbao hainyooki kwa kutazamwa.

Akafika kwenye vyuma. Wenzake walihesabu, moja, mbili, tatu. Baba hakuhesabu. Kila akinyanyua alisema kwa meno yaliyofungwa, "Shemeji." Akishusha, "Shemeji." Sajini akaniuliza pembeni huyo shemeji ni nani.

"Ni mtu wa karibu sana," nilimjibu.

"Nimeona. Anampenda mno." Na kuanzia hapo akawa anawaambia wagonjwa wengine kila mmoja atafute shemeji yake wa kumpa moyo. Sikumsahihisha.

Nyumbani Baba alijaza mchanga kwenye makopo ya rangi, akayafunga vishikio vya mbao, akawa ananyanyua uani. Na kila Ijumaa alinipa kamba nimpime. Mimi nina tepu yangu ya kushonea, nikamwambia tutumie hiyo, ni sahihi zaidi. "Tepu hainidai," alisema. Basi nikapima kwa kamba. Mwanzoni fundo lilikaa pale pale. Halafu likaanza kubaki ndani ya bega, upana wa kucha. Halafu kidole kizima. Siku ya kidole Baba aliomba aongezewe maharage, akacheka peke yake.

Mama hakucheka. Yeye alikuwa amekaa katikati, huku mume, huku kaka wa tumbo moja. "Chuki si dawa, baba nanihii," alimwambia.

"Daktari hajanikataza," Baba alijibu.

Mimi nilikuwa upande wa chuki. Niliipikia, niliipimia, niliibebea makopo ya mchanga.

Halafu ikaja homa. Baada ya dripu moja mwili ulimwaka, akalazwa, na kwa muda tusiopenda kuukumbuka hakunyanyua hata kijiko. Alipotoka nilimpima kabla hajaniomba, akiwa amekaa kitandani. Fundo lilikuwa limerudi bega hadi bega. Kidole chote kimekwenda. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa, maana alikuwa ameshausoma mkono wangu.

"Limenikaa?" aliuliza.

"Limekukaa, Baba."

Akageukia ukuta. Nikasikia lile neno tena, "Vyovyote," nikaogopa mno. Nikafanya nilichokiweza. Nilimwambia kwamba Mjomba amewaambia wateja fundi mkubwa hatarudi, na kwamba sasa anakalia kiti chenye mto cha Baba mwenyewe. Yote yalikuwa kweli, ila kwenye kile kiti niliongeza chumvi. Baba akageuka kutoka ukutani. Kisha akauliza makopo yako wapi.

Akaanza upya, kwenye kiti, kusimama na kukaa. Sajini alimpa vyuma vyepesi kuliko vya mwanzo, naye akavinyanyua bila kuona haya. Dripu zikaisha. Daktari akaangalia picha, akasema zinaridhisha, aendelee kurudi kuangaliwa. Mama alilia. Baba alimshukuru daktari, akaniambia, "Nipime." Vidole viwili. Tulingoja mpaka vikawa vitatu.

Asubuhi tuliyokwenda karakana Baba alibeba ubao mnene begani njia nzima, na hakukuwa na kazi ya ubao ule. Mama alikuja nasi kwa sababu hakutuamini. Mjomba alikuwa anapaka gundi. Alipomwona Baba mlangoni alisimama, brashi mkononi, gundi ikidondoka.

"Lilete," Baba alisema.

Lilikuwa bado lipo, chini ya turubai lilelile. Mjomba akalivuta katikati. Baba akavua viatu, akaingia, akalala. Miguu iliingia, kiuno kiliingia, na mabega yakagota kwenye mbao kwa sauti tuliyoisikia sote. Akajisukuma chini. Hayakwenda. Akatutazama kutoka mle, uso mzima kicheko, na sijawahi kumwona mtu aliye ndani ya jeneza akiwa na raha kama ile.

"Halinitoshi, shemeji. Umekosea kipimo."

"Sikukosea," Mjomba alisema taratibu. Akaketi juu ya kigogo. "Unakumbuka la mzee wetu?"

Tulilikumbuka wote. Babu, baba yao yeye na Mama, alizikwa kwenye jeneza alilotengeneza Mjomba huku akilia, na pale kaburini ubao wa chini uliachia mbele ya watu. Mama alifunika uso kwa mikono.

"Nilikuwa sioni nilichokuwa napiga," Mjomba alisema. "Nikaapa haitatokea tena. Lako nilitaka nilitengeneze wakati macho bado yanaona."

Baba alitoka, akapiga magoti kando ya lile sanduku. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe moja, kisha nyingine. Mbao zilikuwa zimeshikana kwa meno, jino ndani ya jino, bila msumari hata mmoja. Mjomba tunayemjua hupiga msumari hata pasipohitajika.

"Kazi ya namna hii hujawahi kunifanyia hata kwenye kabati," Baba alisema.

"Sijawahi."

Nilitaka nizidi kumchukia, nikashindwa. Nilikuwa nimengoja muda wote ule nimwone Mjomba akiaibika, na sasa nilikuwa natazama zile pembe, naye Baba anazitazama. Baba ndiye aliyeanza.

"Libomoe."

"Shemeji, pembe zile hazibomoki vizuri. Itanichukua..."

"Najua. Nimekufundisha mimi. Libomoe jino moja moja, usivunje hata moja, halafu mbao hizo unitengenezee benchi la kulalia nikinyanyua vyuma. Liwe pana."

Mjomba alifanya kazi ile kwa patasi za Baba, nasi tumekaa tunamtazama, mpaka jasho likamlowesha shati. Hakulalamika. Benchi lilipokuwa tayari Baba alililalia, mabega yakaenea, akasema linafaa. Mama akadhani yameisha, akaanza kukusanya viatu.

Baba akatoa ile kamba mfukoni, akaiwasha kwa kiberiti, ikateketea sakafuni. Kisha akakata kamba mpya kutoka kwenye bunda.

"Simama wima, shemeji."

Mjomba alimtazama Mama. Mama akatazama pembeni. Mjomba akasimama. Baba akamwekea ncha utosini, akainama bila kushika kitu, akapiga fundo kwenye kisigino. Akapima mabega, bila haraka, akapiga la pili. Akaenda kwenye meza ya pili, akaitundika kamba kwenye msumari ulio juu yake, mahali ambapo mtu hawezi kuinua nyundo bila kuiona.

"Lini utaitoa?" Mjomba aliuliza.

Baba alikuwa ameshachukua patasi zake, anazirudisha kwenye meza ya kwanza.

"Fanya kazi, shemeji," alisema. "Mimi sina haraka."