Mpiga Gitaa wa Pili wa Mashamba ya Ngano

Habari za msiba zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Simu ilitoka Endasak. "Baba mdogo, shikamoo," alisema kijana wa marehemu, na kwa jinsi alivyonyamaza baada ya kuitikiwa, nilijua. "Baba ametutoka alfajiri." Nilimwambia kinyozi amalize kazi taratibu, maana huyo aliyetutoka alikuwa mtu wa kujipenda, mwenye kofia ya kuendeshea kombaini na kofia nyingine ya kupigia gitaa, na asingependa nifike kwenye mazishi yake nimefanana na shamba lililovunwa nusu. Ninyi wasomaji wa safu hii hamkumjua, na magazeti hayakuwahi kumwandika. Enzi zile serikali ilipokuwa ikilima ngano kule Hanang kwa mashine kubwakubwa, yeye alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia, na kila Jumamosi alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya wafanyakazi. Tena alikuwa mpiga gitaa wa pili, yaani aliyekuja baada ya mwingine kuondoka. Hilo "wa pili" lilimsumbua maisha yake yote, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Nianze na santuri. Mtaalamu mmoja mgeni, aliyeletwa kutusaidia kulima ngano, alipomaliza mkataba wake aligawa vitu vyake. Mlinzi alipata mabuti, mpishi akapata sufuria, na klabu ya wafanyakazi ikapata santuri moja ya muziki wa roki. Jaladani walikuwepo vijana watano wenye nywele za mabegani na suruali za bugaluu, wamenuna kama watu waliocheleweshewa mshahara. Alipokuwa akiikabidhi, mgeni yule alisema juujuu tu kwamba muziki ni mzuri, ila bendi haikuwa tena ile ya zamani, kwa kuwa mpiga gitaa wao wa kwanza alijitoa na huyu anayesikika ni mwingine. Akapanda Landrova akaenda zake, sentensi yake ikabaki. Haukupita muda, hakukuwa na mtu klabuni, kuanzia wahasibu mpaka walinzi, asiyejua kwamba mpiga gitaa wa kwanza alikuwa bora. Santuri ikianza tu, mmoja anatikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Siyo yule." Mwingine anaitikia, "Ah, yule bwana hapatikani tena." Na hapo mjue kwamba Hanang nzima haikuwa na santuri nyingine ya bendi ile. Huyo wa kwanza hakuna aliyewahi kumsikia hata akikohoa.

Marehemu peke yake ndiye aliyeipenda santuri ile bila kuomba radhi. Alikuwa king'ang'anizi. Akikukamata, huondoki mpaka upande wa pili umeisha. "Kaa hapa, Karani," alikuwa akiniambia, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu pale shambani, "kaa usikilize, acha kuongea." Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa tupu, likirudia sauti ileile bila haraka, halafu ngoma zinaingia zote kwa pamoja na besi inatembea chini yake. Lakini alichokipenda hasa ni wimbo mrefu wa upande wa pili, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa linabaki. Mpiga gitaa yule alikuwa mgeni katika bendi. Alijua fika kwamba kila msikilizaji anamtafuta aliyeondoka. Angeweza kujaza kila nafasi kwa vidole vya kasi ili naye aonekane yumo. Hakufanya hivyo. Alipiga sauti moja, akaiacha ivutike mpaka ikaribie kufa, ndipo akapiga nyingine. "Unaona?" marehemu aliniuliza. "Haogopi. Angekuwa anaogopa angepiga nyingi." Nimesikiliza muziki mwingi tangu siku hizo, na bado nikiukumbuka wimbo ule mwili hunisisimka. Ni santuri nzuri. Nalisema hilo hapa waziwazi, kwa sababu enzi zile kulisema klabuni kulikuwa ni kuonekana mshamba.

Siku moja mzee mfugaji alikuja kufuata ng'ombe wake waliokamatwa ndani ya ngano, akakuta santuri inalia klabuni. Alisimama mlangoni, ameegemea fimbo, anasikiliza. Mhasibu wetu, mtu mpole aliyependa kuelimisha, akamweleza kwamba huyo anayemsikia siyo yule, kwamba wa zamani alikuwa bora. Mzee akageuka akatazama nje, kule ngano ilikoenea mpaka macho yanapochoka, ambako yeye alichunga tangu ujana wake. "Zamani ilikuwa bora," alisema. "Hiyo mimi najua." Tulicheka sana. Kati yetu sote tuliosema maneno hayo mle ndani, yeye tu ndiye aliyekuwa ameiona hiyo zamani aliyokuwa akiisifu.

Sasa, marehemu hakuitetea santuri ile kwa ajili ya muziki peke yake. Bendi yetu nayo ilikuwa imeondokewa na mpiga gitaa. Yule wa kwanza alichukuliwa na bendi moja kubwa ya Arusha. Alipokuwa nasi tulimlalamikia kila wiki, kwamba anachelewa, kwamba analewa, kwamba solo zake ni ndefu mpaka wachezaji wanarudi kuketi kabla hajamaliza. Siku alipopanda lori na vumbi lake likatua, akawa malaika. Watu waliokuwa wakimzomea walianza kufumba macho kwa utamu wakizikumbuka solo ambazo hazikuwepo tena. Marehemu akakabidhiwa gitaa lilelile, mali ya shamba, na kuanzia Jumamosi ya kwanza akawa "siyo yule".

Jambo likafika kwenye Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi, maana siku hizo hata paka akipotea kamati ilikaa. Nami nilikuwa mjumbe kwa sababu niliweza kuandika haraka. Ajenda ilikuwa kushuka kwa kiwango cha bendi, na mwenyekiti alikuwa mkuu wa stoo. Mhasibu alifungua mjadala. "Ndugu Mwenyekiti, hata Wazungu yamewakuta haya. Santuri tunayo, ushahidi tunao. Mpiga gitaa akibadilika, muziki umekwisha." Wajumbe wakaguna kwa kuafiki. Marehemu, aliyekuwa ameitwa kujieleza, akasimama na kofia mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Nani hapa amewahi kumsikia huyo Mzungu wa kwanza?"

Mwenyekiti akapangapanga karatasi zake. "Swali hilo halimo kwenye ajenda."

"Basi niulize lililomo. Mnataka nipige nini?"

"Piga kama yule," alisema mwenyekiti, na wajumbe wakaona amejibu vizuri.

Ikaamuliwa kwamba atatazamwa siku ya Saba Saba mbele ya wageni, na kiwango kisipopanda gitaa litarudi stoo. Kwa marehemu hilo lilikuwa kama hukumu. Gitaa lilikuwa moja tu, yeye hakuwa na la kwake, na kwa hali zetu za siku zile hakuwa na njia ya kupata lingine. Baada ya kikao alinikalisha nje ya karakana, hana utani wake wa kawaida. "Karani, kombaini nitaendesha kwa sababu watoto wanakula. Lakini wakinichukulia lile gitaa, sijui Jumamosi nitakuwa nani." Nilimhurumia kweli.

Saba Saba ilifika na baridi yake. Jukwaa lilikuwa trela mbili za trekta zilizounganishwa. Wageni walitoka Mogitu, walitoka Endasak, wengine kwa miguu, na wanakamati tukapangiwa viti vya mbele. Mpiga tumba, aliyekuwa shemeji wa marehemu, alimsogelea nikiwa karibu. "Shemeji, usitutafutie balaa. Piga kama yule, tumalize salama." Akakubali. Wimbo wa kwanza aliupiga kama mtangulizi wake, vidole kwa vidole, mpaka ile tabia yake ya kuchelewa kidogo kuingia kiitikio. Mhasibu akaniinamia. "Anaiga," alisema. "Hana chake." Wimbo wa pili marehemu akaupiga kwa namna yake mwenyewe. Mhasibu akainama tena. "Umeona? Siyo yule." Kamati yetu haikuwa na kipaji cha kunong'ona, na kutokana na uso wa marehemu nilijua kule juu ya trela alikuwa amesikia yote mawili.

Wimbo wa tatu alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akafumba macho, akapiga sauti moja na kuiacha. Nilidhani amesahau. Akapiga nyingine. Akina mama waliokuja kuuza chai na maandazi, ambao hawakuwahi kumsikia mpiga gitaa wa kwanza na kwa hiyo hawakuwa na wa kumlinganisha naye, waliacha birika zao wakaingia uwanjani kucheza. Kamati ikabaki imekunja mikono. Ndipo Meneja akainuka. Meneja huyu alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu karibuni, na tangu afike kila asubuhi aliambiwa kwamba Meneja aliyepita hakuwa akifanya hivyo. Alivua koti akaliweka kitini, akaingia katikati ya wale mama, akacheza vibaya kama mtu anayezima moto wa nyasi kwa miguu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka. Kamati ilipoona hivyo ilisimama kwa pamoja. Mhasibu alicheza mpaka miwani ikadondoka. Kikao kilichofuata kiliridhika kwamba kiwango kimepanda kwa kiasi cha kutia moyo, na gitaa halikurudi stoo.

Siku ileile ya Saba Saba nilimfuata marehemu nyuma ya trela kumpongeza. Alikuwa anafuta nyuzi kwa kitambaa. "Umeshinda," nilimwambia. "Meneja ndiye ameshinda," alijibu. "Walikuwa wanamtazama yeye. Mimi hawajanisikia." Nilidhani anaringa, jambo ambalo halikuwa geni kwake. Lakini alipiga gitaa lile miaka yote iliyofuata mpaka mashamba yenyewe yakafa, na katika miaka hiyo hakuna mwanakamati hata mmoja aliyemwendea na kumwambia kwamba amemsikia.

Tuna kipaji katika nchi hii cha kumpenda mtu akishaondoka. Mwalimu mkuu tunamwandama mpaka ahamishwe, kisha tunamwadhibu aliyekuja baada yake kwa kosa la kutokuwa yeye. Wataalamu wageni walipokuwa Hanang tulisema wanatudharau; walipoondoka na wenzetu wakashika usukani, kila kombaini iliyokwama ilikuwa ushahidi kwamba "enzi za Wazungu" mambo yalienda. Leo mashamba yale hayapo kama yalivyokuwa, na wanaoyalilia kwa sauti kubwa kuliko wote ni walewale waliokuwa wakitoroka kazi saa nne. Mwaka jana niliipata kwenye simu ile santuri ya mwanzo ya bendi ya wale vijana, ile yenye mpiga gitaa wa kwanza ambaye sote tulimlilia bila kumsikia. Nikaipeleka Endasak kwa marehemu. Tuliketi kwenye benchi mbele ya nyumba yake tukaisikiliza mpaka mwisho, yeye akiwa ameweka mkono sikioni. "Ni mzuri," alisema. "Ni mzuri sana huyu. Na yule mwingine naye ni mzuri." Kisha akaniuliza, "Karani, hivi wale wa kamati walikuwa wananisikia kweli?" Nikamwambia walikuwa wanamsikia. Alinitazama kama mtu aliyezoea kudanganywa na marafiki zake.

Tulimzika kwa ibada katika kanisa la kwao, alikokuwa akipigia kwaya gitaa mpaka vidole vilipokakamaa. Nafasi yake aliichukua binti mmoja wa kwaya, mwembamba, mwenye sura ya woga, na siku ile alipiga vizuri kabisa. Kando yangu aliketi mwenyekiti wetu wa zamani, mkuu wa stoo, sasa mzee sana. Nilishampa shikamoo yake mlangoni. Katikati ya wimbo akanivuta mkono.

"Huyu binti siyo marehemu," alisema. "Marehemu alikuwa na mkono wake. Hapatikani mwingine."

"Mzee, ulipata kumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba alikuwa na mkono wake."

"Alijua."

"Hakujua, Mzee. Aliniuliza mpaka mwaka jana."

Aliangalia jeneza, akaangalia binti, akaanza kujikongoja kuelekea kwaya kabla hata mchungaji hajatoa baraka, watu wakimpisha wakidhani amezidiwa. Nilimfuata nisije nikamwacha aanguke, ndiyo maana nilisikia. "Umepiga vizuri, mwanangu," alimwambia. Mdomo wa mzee ulibaki wazi, na nikaiona "lakini" ikija, ile ya kamati, ya miaka yote. Akaimeza. Kumbe inawezekana, hata kwa mwenyekiti. Basi na wewe, kama kazini kwako, shuleni kwenu au kanisani kwenu kuna mtu amekalia kiti cha mwingine na anafanya kazi, mfuate wiki hii umwambie umemwona, kisha "lakini" yako uimeze. Marehemu aliingoja sentensi hiyo moja mpaka akafa, na wote waliokuwa nayo mdomoni walikuwa wazima wa afya.