Pikipiki ya Aune Rautio Hailali Msimu wa Theluji

Nina kisa ambacho hakuna atakayekiamini, na wa kwanza kukikataa atakuwa yule ambaye baridi ya huku kwetu haijawahi kumng'ata sikio. Simlaumu. Mtu aliyeota jua maisha yake yote ukimwambia kuna mwanamke wa miaka sitini na ushei, mjane, mwenye goti bovu, anayepanda pikipiki mwezi Januari, ziwa limeganda mpaka malori yanaegeshwa juu yake, atasema msimulizi kalewa. Basi na aseme. Mimi nimekunywa kahawa tu.

Huku Kettu Bay, ukingoni mwa Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, theluji ya kwanza ikianguka wanaume wote hufanya jambo moja. Huchomoa betri za pikipiki zao, huzifunika turubai, huzipigapiga kiti kama mtu anayeagana na ng'ombe wake, kisha huingia ndani kunenepa mpaka Aprili. Hata mimi hufanya hivyo, mimi ambaye kwa pikipiki sikuwa na mpinzani kutoka hapa mpaka Wisconsin. Waulizeni wenzangu. Waliobaki hai watawaambia.

Aune Rautio hafuniki kitu. Yeye ni kiguu na njia tangu tumboni. Alipokuwa mdogo, mama yake alimfunga kwa mshipi kwenye mguu wa meza ili apate nafasi ya kukanda unga, akakuta mtoto kaikokota meza hadi mlangoni. Alipokua akapewa basi la shule aendeshe, na hiyo ndiyo miaka aliyotulia, maana alikuwa akilipwa kwa kutotulia. Kisha akastaafu. Kisha Reino, mumewe, akafariki. Akabaki na nyumba yenye viti vingi na hakuna hata kimoja kinachomkalisha.

Reino alimwachia pikipiki kuukuu ya Kirusi yenye kigari cha ubavuni. Kila vuli Aune huyatoa matairi, anaketi jikoni na tairi mapajani kama anayesuka nywele za mtoto, anakaza skrubu fupi moja moja mpaka tairi lote limeota meno. Kwenye mikono ya usukani kashona vifuko vya ngozi ya kondoo, anatumbukiza viganja humo kama mwizi ndani ya mfuko wa mtu. Puani anafunga kipande cha sufu ili pumzi isigande kwenye kioo cha helmeti. Akirudi nyumbani kope zake zina barafu, na shali yake imesimama wima yenyewe kama ubao.

Anakwenda wapi? Ndilo swali la kijiji kizima. Anakwenda posta kuona kama kuna barua, na barua hana. Anakwenda duka la mbali kununua iliki ya mkate, anarudi, anagundua kasahau siagi, na ukimtazama usoni unajua siagi kaisahau makusudi.

"Leo unaelekea wapi, Aune?" watu humuuliza.

"Nikifika nitajua."

Sasa, mwezi wa Novemba alianguka. Si kwa kukosa ujuzi. Kulungu aliruka barabarani, yeye akamkwepa, akaishia mtaroni na mkono ukateguka. Aliyekuja kumvuta kwa mnyororo ni mwanawe, Dale, ambaye ndiye dereva wa lile lori kubwa lenye bamba la chuma mbele, linalosukuma theluji katika barabara zetu zote. Dale ni mtu mkubwa, mpole, mzito wa maneno. Mbele ya mama yake hutazama viatu vyake.

Mkono ukafungwa bendeji na Aune akapelekwa kwa Dale apone. Mungu awarehemu waliokuwamo. Siku ya kwanza alipanga upya kabati la vyombo. Siku ya pili akahamisha kochi. Baadaye akamfundisha mkwewe Cheryl kufua, mwanamke ambaye amekuwa akifua vizuri tangu kuolewa. Alikuwa akitembea kutoka dirisha hadi dirisha kama mbwa aliyesikia mluzi, akisimama, akipiga kioo kwa kucha, akiuliza saa. Cheryl akaanza kwenda dukani mara tatu kwa siku, kwa miguu, kwenye theluji.

Jumamosi yake tukawa kwenye sauna yangu. Hicho ni chumba cha mbao cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba, na huku kwetu kila familia inacho. Sisi watoto wa Wafini tumeonywa tangu kunyonya: humo ndani mtu hukaa kama kanisani. Hagombani, hasengenyi, hasemi uongo, na neno alilolitoa mvuke ukiwa moto halirudi. Wanawake walikuwa ndani. Dale nami tulikuwa chumba cha nje tukingoja zamu yetu, yeye na taulo, mimi na mwili ambao wengi wa rika langu wanautamani. Nikaona Dale anasogea mlangoni, anakohoa.

"Mama."

"Nini?"

"Hiyo pikipiki. Naomba uniachie ufunguo."

"Nani huyo anaongea? Dale? Nenda ukaoge theluji."

"Mama, nimekutoa mtaroni kwa mnyororo. Nilidhani umekufa."

Maji yakamwagwa juu ya mawe, tukasikia *shwaaa*. Kisha Aune akasema, sauti ikiwa imeshuka kidogo:

"Unataka nini hasa?"

"Ahidi. Kabla barafu haijaondoka ghubani, mtu yeyote akikuvuta au kukusukuma kutoka kwenye theluji, hata mara moja, unanipa ufunguo. Na naiuza."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Haya, nimeahidi. Sasa ondoa mdomo wako hapo mlangoni, mvuke unatoka!"

Mke wangu alikuwa shahidi ndani na mimi nje. Basi, neno limekwisha kuiva.

Kijiji kilisikia kabla maji hayajakauka mgongoni. Mkono ukapona, Aune akarudi kwake na kwenye pikipiki yake. Kuanzia hapo Aune hakuwa na raha, nasi hatukuwa na raha naye. Kila alipopita, mapazia yalicheza. Kuna waliotaka ashinde na kuna waliotaka akwame, na kuna wale wabaya zaidi, waliotaka kuwa wao wa kumvuta. Mzee mmoja alikuwa anazunguka na kamba mpya ndani ya gari. Aune akimwona humpungia mkono na kumwambia, "Hiyo kamba kajifungie suruali, inakushuka!"

Lakini ndani yake alikuwa anaogopa. Hakuwa akiogopa kifo; angekuwa wa kuogopa kifo angeshajifunika turubai zamani. Aliogopa lile dirisha la Cheryl. Aliota yuko pale, kucha juu ya kioo, na huko nje barabara inapita bila yeye. Akiamka huvaa buti hata kabla ya kunywa kahawa.

Desemba ikapita, Januari ikapita. Februari ikaja na ile baridi ya kupasua miti. Ukiwa kitandani unasikia mti msituni unalia *paa!* kama bunduki. Alasiri moja Aune akaenda kwa Wilho Kangas, jirani yake wa upande wa pili wa kilima, mseja, mkarimu kupita kiasi, mtu ambaye wema wake unahitaji mlinzi. Wilho akamkaribisha, akamwekea kahawa na mkate wa iliki. Huku kwetu hutoki nyumba ya mtu kabla ya kikombe cha tatu. Ukitoka kwenye cha pili umemtukana. Aune yuko kwenye cha pili, goti linachezacheza chini ya meza, Wilho akaomba udhuru eti anakwenda kutazama kuni. Akakawia. Aliporudi uso umemng'aa kama mtu aliyeficha zawadi.

"Aune, leo hutapanda kiti cha barafu."

"Kwa nini?"

"Nimeiingiza banda la moto, karibu na jiko. Imeanza kutoa jasho, maskini!"

Aune akaweka kikombe chini.

"Wilho. Umefanya nini?"

"Si baridi kali? Nimeihurumia."

"Pikipiki ya theluji hulala kwenye theluji! Ikikaa baridini ni kavu kama mfupa. Ukiileta kwenye moto barafu yote inayeyuka, maji yanaingia kwenye nyaya, ukitoka nje yanaganda humo humo. Eee Wilho, ungenipiga jiwe tu yakaisha."

Wilho akakunjamana. "Basi ingoje ikauke. Kaa. Nina mkate mwingine. Mpaka kesho asubuhi itakuwa imekauka kabisa, utalala chumba cha mama."

Hapo ndipo alipokosea Aune, wala tusimtwishe Wilho mzigo wote. Kungoja lilikuwa jambo la akili. Yeye mwenyewe alilijua kuliko mtu yeyote, na kama ingekuwa pikipiki ya mtu mwingine angemfunga huyo mtu kwenye kiti. Lakini kulala pale, kusikiliza saa ya ukutani ya Wilho, kutazama dirisha hadi asubuhi? Akafuta nyaya kwa kitambaa, akazipuliza, akajidanganya kwamba zimekauka. Kikombe cha tatu akakinywa wima.

Kupanda kilima kulikwenda vizuri. Kileleni akataka kupunguza mwendo ateremke taratibu. Akarudisha mkono wa eksileta. Haukurudi. Akauzungusha tena, umeganda kama umechomelewa. Na injini, badala ya kunyamaza, ikawa inanguruma na kumpeleka chini kama ng'ombe aliyeona zizi. Akazima moto. Injini ikafa, lakini mteremko haukuzimwa. Kule chini kuna kona ya kanisa. Skrubu za tairi zikauma barafu, zikaachia, zikauma tena. Kigari kikainuka, kikashuka, na wote watatu, Aune, pikipiki na kigari, wakaingia ndani ya ukuta wa theluji uliorundikwa kando ya barabara. *Puff.* Kimya.

Akajipapasa. Mikono ipo, miguu ipo. Goti bovu bado ni lile lile bovu, lile jema halijaambukizwa. Kisha akatazama pikipiki. Ilikuwa imezama hadi kwenye tangi.

Na Dale hupita kona ile kila jioni na lori lake, kabla ya watu kutoka kiwandani.

Basi akafanya kazi kama mwendawazimu. Akatoa blanketi ndani ya kigari, akaifunika injini ili joto lake lipande kuyeyusha barafu kwenye waya wa eksileta. Hilo likafaulu: baada ya muda mkono wa eksileta ukalegea, *tik*, ukarudi. Lakini theluji! Akachimba kwa mikono, akachimba kwa helmeti, akang'oa ubao wa kiti cha kigari akachimba nao. Kila alichotoa, ukuta ukambomokea kipya. Jasho likamtoka, na kwenye baridi ile jasho ni adui. Likaanza kupoa mgongoni. Akasikia vidole vinapotea, kimoja baada ya kingine. Akaketi. Yeye, Aune, akaketi bila kuambiwa, na hapo akajua hali ni mbaya.

Ndipo taa za manjano zikatokea zikizungukazunguka. Lori likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Dale akateremsha kioo.

"Mama."

"Dale."

"Umekwama?"

"Napumzika."

Dale akatazama theluji ile. Mnyororo uko nyuma ya kiti chake, ule ule wa Novemba. Aliungoja wakati huu tangu siku ya sauna. Hapakuwa na shahidi mwingine, wala hakuhitajika. Neno la mvuke ni shahidi tosha. Angeshuka, angefunga ndoano, angekanyaga mafuta, na pikipiki ingekuwa yake.

Na sasa sikilizeni alivyofanya mwanamke huyu, maana huu ndio moyo wa kisa. Aune aliinuka. Alimtazama mwanawe kwa jicho la malkia, akakung'uta theluji mabegani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi Kanada: "Dale, mtoto wangu, hata theluji ipande mpaka shingoni, hakuna mkono wa binadamu utakao..." Kisha akaishika pikipiki yote, na kigari chake, kwa mkono mmoja, ule ulioteguka Novemba, akaiinua juu ya kichwa kama anavyoinua sinia la mikate, akapiga hatua ya kwanza, akapiga hatua ya pili, na Dale machozi yakimganda shavuni akaona mama yake anai—

"Shemeji!"

Ni Aune. Amesimama nyuma ya kiti changu na buti miguuni, anasoma ninachoandika.

"Ulikuwepo wewe?"

"Nimesimuliwa."

"Na nani? Na tumbo lako? Sikuinua hata tairi. Nilimwambia, 'Dale, nivute, nakufa baridi, chukua ufunguo.' Hivyo hivyo. Niliutoa mfukoni nikamnyooshea, na meno yanagongana. Andika hivyo."

"Lakini Aune, msomaji..."

"Andika! Ni yeye aliyekataa. Akautazama ule ufunguo, akatazama viatu vyake, akasema, 'Mama, ukikaa kwetu mpaka Aprili, Cheryl atahama.' Akanivisha koti lake, akatupa beleshi nje ya lori, akasema limemponyoka. Kisha akaketi humo ndani na taa zake zote zinaniwakia, hakugusa kitu. Nikachimba mpaka nikatoka mwenyewe. Na hapo juu umeandika kwamba wewe huna mpinzani mpaka wapi? Wisconsin? Wewe uliyeangusha pikipiki ikiwa imesimama, mwezi Julai, mbele ya kanisa, na watu wote..."